Hizi nyota mnazigawa kwa mizani gani?

Wadau, leo naomba niweke siasa pembeni. Nataka tuzungumzie nyota. Si za angani, wala si wale mastaa wetu wa mjini. Nazungumzia zile nyota tano ambazo watu wanazimwaga mtandaoni chini ya jina la albamu, halafu sisi wengine tunazisoma kama hukumu ya Mahakama ya Rufani.

Nitatumia mfano wa muziki ambao najua wengi wenu hamuusikilizi: progu, yaani ile roki progresivu iliyochipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 60. Kwa asiyeujua, ni roki ya watu waliochoshwa na wimbo wa dakika tatu. Wakachukua gitaa la umeme, wakaongeza filimbi, kinanda cha kanisani, melotroni (kinanda kinachopiga sauti za fidla zilizorekodiwa kwenye tepu), wakachanganya na jazz na muziki wa Kizungu wa zamani, halafu wakatunga wimbo mmoja unaomaliza upande mzima wa santuri. Nimeuchagua kwa sababu sijaona muziki mwingine ambao wapenzi wake wanagombania alama kama huu. Kuna tovuti nzima, Prog Archives, ambayo inaishi kwa kazi hiyo, na mijadala yake ukiisoma usiku unaweza kukucha hujalala.

Hebu tuanze na albamu moja. In the Court of the Crimson King ya King Crimson ilitoka Oktoba 1969. Pete Townshend wa The Who aliisifia kupita kiasi. Robert Christgau, mhakiki wa New York aliyekuwa akisahihisha albamu kwa herufi kama mwalimu wa sekondari, akaipa D+. Leo hii kwenye Rate Your Music, ambako wasikilizaji wa kawaida hutoa kuanzia nusu nyota hadi tano, albamu hiyo hiyo kwa miaka mingi imekaa miongoni mwa za juu kabisa, na hapo inashindana na muziki wa kila aina, si progu peke yake. Sasa nani alichemsha?

Jibu la haraka mnalijua: kila mtu na ladha yake. Mimi jibu hilo silitaki. Ni jibu la mtu anayetaka kwenda kulala. Kama kila mtu ana ladha yake na basi, kwa nini tunaandika uhakiki? Na kwa nini msanii aliyekesha studio miezi sita akipewa nyota moja na mtu aliyesikiliza dakika tano anajisikia kaonewa, na sisi wasikilizaji tunakubali kwamba kweli kaonewa? Uonevu hauwezi kuwepo mahali ambapo hakuna haki. Kwa hiyo haki ipo, hata kama ladha ni ya mtu binafsi. Kazi ni kuitafuta inakaa wapi.

Mwaka 1757 mwanafalsafa wa Scotland, David Hume, aliandika insha juu ya ladha. Ndani yake kuna kisa alichokichukua kwenye Don Quixote. Ndugu wawili wa ukoo wa Sancho Panza waliitwa kuonja mvinyo wa pipa moja. Wa kwanza akaonja, akasema mvinyo mzuri, ila una kaladha ka ngozi. Wa pili akasema mzuri kweli, ila una ladha ya chuma. Watu wakawacheka mpaka basi. Pipa lilipokwisha, chini yake ukakutwa ufunguo wa zamani uliofungwa kamba ya ngozi.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu wale jamaa hawakukubaliana, na wote wawili walikuwa sahihi. Kila mmoja alisema alichokionja. Sasa fikiria wangeambiwa wasiseme neno, watoe nyota tu. Mmoja angetoa nne, mwingine tatu na nusu, wastani ungekuwa tatu na robo tatu, na ufunguo ungebaki mle mle ndani ya pipa.

Albamu inayonikera zaidi kwenye mjadala huu ni Tales from Topographic Oceans ya Yes. Nikisema inanikera sina maana ni mbaya. Inanikera kwa jinsi inavyohukumiwa. Yes walikuwa wametoka kutoa Close to the Edge mwezi Septemba 1972: nyimbo tatu tu, wa kwanza una dakika kama 18, na ndiyo albamu ambayo Prog Archives imekaa kileleni au jirani na kilele miaka nenda rudi. Desemba 1973 wakaja na Tales: santuri mbili, pande nne, nyimbo nne, zaidi ya dakika 80. Wazo lake mwimbaji Jon Anderson alilitoa kwenye tanbihi ya kitabu cha Paramahansa Yogananda, yogi wa Kihindi. Ndiyo, tanbihi! Albamu ikashika namba moja Uingereza, na wahakiki wengi wakaichana vipande. Ndani ya bendi kwenyewe hakukuwa na amani. Mpiga kinanda Rick Wakeman hakuipenda na hakuficha. Kuna kisa maarufu kwamba wakiwa jukwaani Manchester aliletewa kari, akaila huku wenzake wanaendelea kupiga. Mwaka 1974 akaondoka zake. (Alirudi baadaye, ila hiyo ni hadithi nyingine. Pale Yes watu wanatoka na kurudi kama daladala.)

Lakini msikilize Wakeman alilalamikia nini hasa. Alisema muziki waliokuwa nao ulikuwa mwingi mno kwa santuri moja na haukutosha santuri mbili, kwa hiyo wakajazia. Kwangu huo ndio uhakiki wa haki kabisa wa albamu ile, na umetoka kwa mtu ambaye hakutaka hata kuisikia. Umeonyesha kosa lilipo. Upande mmoja wa santuri ulibeba dakika kama 20 hivi, na kila wimbo pale umevutwa mpaka ujae upande. Mimi nikiisikiliza naweza kupima mwenyewe: je, hapa wanajenga kitu au wanajaza nafasi? Naweza hata kumpinga, nikamwambia kaka, upande wa kwanza hauna cha kupunguza. Linganisha na yule anayeandika nyota mbili, inachosha. Anachosema ni kweli, alichoka. Lakini hiyo ni habari yake yeye, ya albamu bado hajaisema.

Halafu kuna jambo ambalo watoa nyota hawalisemi: albamu ipi? CD ya Tales iliyotoka 2003 ilirudishiwa utangulizi wa dakika karibu mbili uliokatwa mwaka 1973, wimbo wa kwanza ukawa na dakika 22. Mwaka 2016 Steven Wilson akaichanganya sauti upya, na vinanda vilivyokuwa vimezama vikasikika. Aliyeipa mbili kwa kukumbuka kaseti iliyochakaa na aliyeipa tano kwa toleo la 2016 wote wanatupwa kwenye chungu kimoja, kinakorogwa, inatoka namba yenye desimali mbili. Desimali mbili! Utadhani wamepima mafuta ya taa.

Tukija kwenye hizo namba zenyewe, tusiwe wavivu, tuone zinapikwaje. Tuseme bendi fulani isiyojulikana imepigiwa kura sita, wastani 4.9. Albamu nyingine maarufu ina kura 4,000, wastani 4.4. Ukipanga kwa wastani mtupu, bendi ya kura sita inakaa juu, na hizo kura sita huenda ni za mpiga gitaa, mkewe na majirani. Dawa yake ni kuipa kila albamu kura za kubuni za kuanzia. Tuseme kura 20 za 3.5. Ukipiga hesabu, yule wa 4.9 anashuka hadi 3.82 na yule wa 4,000 anabaki 4.40, hatikisiki. Ni njia ya busara na tovuti nyingi zina chochote cha namna hiyo. Prog Archives wanaongeza jingine: kura iliyoandikiwa maelezo ina uzito kuliko kura bubu, na ya wachangiaji wao waliothibitishwa ina uzito zaidi. Hapo nawaunga mkono kabisa. Aliyeeleza anaweza kupingwa, aliyebonyeza tu huwezi kumfanya kitu.

Ila angalieni gharama yake. Kijana anayerekodi progu chumbani kwake leo, akauza mwenyewe mtandaoni, atakaa miaka kwenye 3.6 hata kama kila aliyemsikiliza alilia machozi. Na humo humo akitokea mmoja mwenye hasira akampa nyota moja, kwenye kura kumi na moja hilo ni pigo. Yes wakipewa nyota moja na watu mia hawajui hata kama mmepita. Hapo ndipo ninapoona suala hili si mchezo wa watu wenye muda wa kupoteza. Wakubwa hawadhuriki. Wadogo ndio wanaolipa.

Na kuna upendeleo mwingine wa kimya. Albamu ya kumi ya bendi ambayo haijulikani inasikilizwa na nani? Na waliozipenda zile tisa. Kwa hiyo wanatoa nne na tano. Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, ya 1973, inasikilizwa na kila mtu, mpaka na yule ambaye hakuitaka na amelazimishwa na shemeji yake. Bila shaka itaokota nyota mbili mbili za wapita njia. Ukilinganisha namba za albamu hizi mbili unalinganisha harusi na mkutano wa hadhara.

Nani anatuambia lakini kwamba hata hao wa harusini wanatoa alama kwa masikio yao? Mwaka 2006 watafiti watatu, Salganik, Dodds na Watts, walichapisha kwenye jarida la Science jaribio lililohusisha watu 14,341 na nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Kundi moja lilichagua nyimbo bila kuona wengine wamechukua nini. Wengine waligawanywa kwenye makundi manane, kila kundi likiona idadi za watu wake tu. Walioona idadi walifuatana: nyimbo chache zikapaa ile mbaya, nyingine zikazama, na kilichopaa kundi hili hakikuwa lazima kipae kundi lile. Nyimbo bora sana mara chache zilifanya vibaya, na mbovu kabisa mara chache zilifanya vizuri. Ila kwa zile za katikati chochote kiliwezekana. Nikikumbuka jaribio hilo halafu nikatazama orodha ya albamu mia bora za progu, namba kumi za kwanza naziamini kiasi. Kuanzia ya ishirini huko naona foleni tu, watu wamesimama kwa sababu wamekuta wengine wamesimama.

Kutokuwa na haki kwa makusudi nako kupo. Tool walipotoa Lateralus mwaka 2001, Pitchfork waliipa 1.9 kwa 10, na uhakiki wenyewe uliandikwa kama insha ya mwanafunzi wa shule anayeishabikia bendi hiyo. Kichekesho, sawa, na sikatai kilichekesha. Lakini ile 1.9 ilipima nini? Ilipima mashabiki wa Tool, si Tool. Albamu iliingia namba moja Marekani wiki yake ya kwanza, kwa hiyo hakuna aliyekufa njaa. Ingekuwa ya yule kijana wa chumbani ingekuwa ndiyo mazishi yake.

Na Grammy nao, Februari 1989, tuzo ya kwanza kabisa ya roki nzito na metali wakawapa Jethro Tull, bendi ya mpiga filimbi, wakawaacha Metallica. Ukumbi ukazomea. Lakini Crest of a Knave haikuwa albamu mbaya! Ilikuwa kwenye mzani usio wake, basi. Mwaka 1992 Metallica waliposhinda, Lars Ulrich akawashukuru Jethro Tull kwa kutotoa albamu mwaka ule. (Walikuwa wametoa, Catfish Rising, 1991. Hakuna aliyejali.)

Kuna wanaoniuliza, wewe Mswahili na progu wapi na wapi? Swali zuri, na kwa kweli ndilo swali ambalo kila mhakiki anapaswa kulijibu kabla hajatoa nyota. Mimi sikuwepo Uingereza mwaka 1976 na 1977, punk ilipokuja na kuifanya progu kuwa tusi. Wahakiki wengi waliokuwa vijana wakati ule walibeba vita hivyo mpaka uzeeni. Kwao wimbo wa dakika 20 ulikuwa ni kujisikia na ulikuwa ni adui. Johnny Rotten alivaa fulana ya Pink Floyd iliyoandikwa juu yake kwamba anawachukia. Lakini huyo huyo Rotten, alipoalikwa redio Capital ya London mwaka 1977 achague nyimbo anazozipenda, alipiga za Peter Hammill wa Van der Graaf Generator, ambao ni progu mpaka kwenye mifupa. Yaani jemadari wa vita mwenyewe usiku alikuwa anakula na adui, askari wake wakabaki mstari wa mbele wanapiga risasi miaka thelathini.

Mimi sina vita hivyo. Hiyo ni faida. Hasara yangu ni kwamba sina pia ule utoto ambao Mwingereza wa miaka 65 anao, wa kununua Foxtrot ya Genesis kwa pesa ya kugawa magazeti na kuisikiliza kwenye mvua. Nikimwambia alama zangu bila kumwambia hayo, nimemdanganya. Na yeye akinipa zake bila kuniambia hayo, amenidanganya. Wote tukisema, tunaelewana hata tusipokubaliana. Hata Queen ya Freddie Mercury wetu, mzaliwa wa Zanzibar 1946, Prog Archives wameiweka kundi la jirani na progu, na kila Mzanzibari akiipa nyota tano mimi namwelewa. Aseme tu kwamba ni Mzanzibari.

Kwa nini nayasema haya leo? Kwa sababu mhariri mmoja niliyekuwa namwandikia kuhusu muziki aliniambia nipunguze maneno, niweke nyota, wasomaji hawana muda. Namwelewa. Nyota zilianza kwa kulinda mfuko wa mnunuzi: albamu ilikuwa ghali, mtu alitaka kujua atoe hela au asitoe. Hata maana za nyota za Prog Archives bado zina harufu ya dukani: tatu ni nzuri ila si ya lazima, mbili ni ya wakusanyaji na mashabiki. Leo muziki karibu wote upo kwenye simu, unabonyeza unasikia. Pesa imetoka kwenye hesabu, kilichobaki ni muda na masikio. Na kwa progu muda ndio mtihani, kwa sababu kuna albamu ambazo mara ya kwanza ni kelele, mara ya nne unaanza kuona milango. Mtu aliyesikiliza mara moja haki yake ni kusema nimesikiliza mara moja. Akishasema hivyo, ampe hata nusu nyota, mimi sina ugomvi naye.

Nikamjibu mhariri nitaweka nyota endapo nitaruhusiwa kuandika mstari mmoja chini yake: nimesikiliza mara ngapi, toleo gani, na nimetokea wapi. Akasema nafasi haipo. Basi nafasi ninayo hapa kwangu.

Tales from Topographic Oceans, toleo la 2016, nimesikiliza zaidi ya mara kumi, mara nyingi kwenye foleni ya Ubungo. Upande wa kwanza: nne na nusu. Wa pili: tatu, unatulia mpaka unasinzia. Wa tatu: mbili kwa vurugu za mwanzo, tano kwa lile gitaa la Steve Howe mwishoni. Wa nne: nne, nikitoa zile ngoma wanazozitwanga kule ndani, ambazo mtu aliyekulia karibu na ngoma za kweli zinamchekesha kidogo. Wastani pigeni wenyewe. Haya, nani anabisha?